Maji ya bomba ni salama? Inategemea umeyachota wapi

Mamlaka ya maji inatangaza kwamba maji yamepimwa na yako salama. Siku hiyohiyo mtu anafungua koki jikoni, yanatoka mekundu, anapiga picha na kuirusha mtandaoni. Ubishi unaanza: huku wanasema watu wanazusha, kule wanasema mamlaka inaficha. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli, kwa kuwa hazizungumzii maji yaleyale. Mpimaji alichota sampuli mtamboni au kwenye bomba kuu la mtaa. Mwenye picha amechota maji yaliyokwisha kupita kilomita kadhaa za bomba, yakasimama mgao ulipokatika, kisha yakalala siku tatu kwenye tangi juu ya paa.

Kwa hiyo swali "maji ya jiji hili ni salama?" halina jibu moja. Linajibika likivunjwavunjwa: yakiwa mtamboni, yakiwa njiani, yakiwa kwenye tangi, yakiwa kwenye glasi.

Salama ni kitu kimoja, kupendeza ni kingine

Maji salama ni yale ambayo mtu akiyanywa maisha yake yote hayamletei madhara ya maana. Viwango vingi vya kemikali vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vimepigiwa hesabu hivyo: mtu mzima wa kilo 60, anakunywa lita 2 kwa siku, miaka yote. Maji yanayopendeza ni yale yasiyo na rangi, harufu wala ladha ya kumfanya mtu asite. Mambo haya mawili hayaendi pamoja siku zote.

Chukua madini ya chuma. Yakizidi miligramu 0.3 kwa lita, maji huanza kupata rangi ya kutu, ladha hubadilika na shuka nyeupe huota madoa. Hata hivyo, kwa kiasi hicho hayadhuru afya, na WHO haijayawekea kikomo cha kiafya. Sasa chukua risasi, ile metali nzito ya mabomba ya zamani, au arseniki. Kikomo cha kila moja ni miligramu 0.01 kwa lita, na maji yenye mara kumi ya kiasi hicho huonekana maangavu kabisa, hayana harufu, hayana ladha. Jicho humtisha mtu mahali pasipo na hatari kubwa na kumtuliza mahali penye hatari.

Hatari zenyewe ziko za aina mbili, na kasi yake haifanani. Vijidudu (bakteria, virusi na vimelea wanaotoka kwenye kinyesi) humwangusha mtu ndani ya saa au siku chache: kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo. Kemikali nyingi hufanya kazi polepole kwa miaka. Naitrati ni mfano wa zile zisizosubiri: ikizidi miligramu 50 kwa lita inaweza kumnyima mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya chupa oksijeni ya kutosha kwenye damu, ndani ya siku chache. Ukiacha kesi kama hiyo, mpangilio uko wazi: vijidudu kwanza, kemikali baadaye. Mtu anayeacha kutia dawa kwenye maji kwa kuogopa kemikali amegeuza mpangilio huo juu chini.

Kinachofanyika mtamboni

Maji ya mto au bwawa yakifika mtamboni hupita kwenye vyuma vya kuzuia majani na takataka, kisha hutiwa shabu. Tope laini halizami lenyewe kwa sababu chembe zake husukumana. Shabu huzifanya zishikane. Mwanzo maji hukorogwa kwa nguvu ili shabu isambae, halafu hukorogwa taratibu ili vijibonge vikue bila kuvunjika. Yakitulia kwa saa kadhaa, vijibonge huzama. Maji ya juu hupitishwa kwenye mchanga, ambao nao huoshwa kila baada ya muda kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu. Mwisho hutiwa klorini na kupewa angalau dakika 30 kabla ya mtu wa kwanza kuyanywa.

Nusu saa hiyo haipunguzwi. Klorini inahitaji muda, inahitaji pH (kipimo cha uasidi wa maji) isiyozidi 8 (juu ya hapo nguvu yake hushuka sana), na inahitaji maji maangavu. Uangavu hupimwa kwa kipimo kiitwacho NTU: mtambo mzuri hutoa maji ya chini ya NTU 1, na jicho la kawaida huanza kuona ukungu karibu na NTU 4. Tope huifichia bakteria mahali pa kujikinga, tena tope lenyewe hula klorini kabla haijafika kwa bakteria.

Halafu wako vimelea wasioijali klorini. Mwaka 1993 jijini Milwaukee, Marekani, ukungu wa maji ulipanda kwenye mtambo mmoja, na kimelea kiitwacho Cryptosporidium kikapenya kwenye vichujio. Watu wapatao 400,000 waliugua, ingawa maji yalikuwa na klorini. Ndiyo maana mhandisi wa maji akisikia NTU imepanda hupata wasiwasi kuliko akisikia malalamiko ya ladha.

Upande wa pili kuna Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Klorini iliyotiwa haikutosha. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba daftari la mtambo lilikuwa na vipimo vya klorini vilivyoandikwa bila kufanywa. Dawa ilikuwepo, mashine zilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kupima kweli.

Klorini ya akiba

Klorini ikishaua vijidudu mtamboni, sehemu yake huachwa makusudi isafiri na maji. Hiyo ndiyo klorini ya akiba, na kama kuna kipimo kimoja ambacho mtu wa kawaida anapaswa kukijua, ni hiki. WHO hutaka isipungue miligramu 0.2 kwa lita kwenye koki ya mtumiaji. Kikomo cha juu cha kiafya ni 5. Ikiwepo, uchafu mdogo ukiingia njiani unashughulikiwa. Ikifika sifuri, ama maji yamekaa mno, ama yamekutana na kitu kilichoila yote. Sifuri haithibitishi kwamba maji yana vijidudu, lakini inathibitisha kwamba hayana mlinzi.

Njiani ndiko kuna mambo

Bomba la mjini huvuja. Hakuna jiji lisilopoteza maji njiani. Maadamu bomba lina presha usiku na mchana, tundu hutoa maji nje na uchafu hauwezi kuingia. Mgao ukikatika, presha hushuka, na maji yaliyobaki yakiteremka kuelekea sehemu za chini huacha nyuma mvuto. Tundu lilelile sasa hufyonza kama mrija uliotumbukizwa kwenye soda, na kinachofyonzwa ni kilichopo nje ya bomba: maji ya mtaro, au ya chemba inayovuja iliyopita karibu. Presha ikirudi, tope hilo husukumwa hadi kwenye nyumba za kwanza. Kwa sababu hiyo maji ya dakika za mwanzo baada ya mgao ndiyo machafu kuliko yote, na kuyaelekeza moja kwa moja kwenye tangi ni kujiwekea akiba ya uchafu. Yaache yamwagikie kwenye ndoo ya kudekia hadi yaangae, ndipo ufungulie tangi.

Watu wengi hulisaidia tatizo hili bila kujua. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, ili kuvuta maji presha ikiwa ndogo, hushusha presha ya mtaa mzima na kuyafanya matundu ya jirani yafyonze. Mpangilio sahihi ni maji yajiingize yenyewe kwenye tangi la chini, kisha pampu ivute kutoka hapo. Kosa jingine dogo lenye madhara makubwa ni mpira wa bustani ulioachwa umezama kwenye ndoo ya maji ya sabuni au pipa la dawa ya mimea. Presha ikikatika, ndoo hiyo hurudi kwenye bomba la nyumba. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma baada ya mita hutibu hilo, na kuning'iniza mpira juu ya ndoo hutibu bure.

Bomba pia linaweza kuyachafua maji lenyewe. Aprili 2014 jiji la Flint, Michigan, lilihamia kwenye maji ya mto Flint bila kutia kemikali ya kuzuia ulaji wa mabomba. Maji yaliyotoka mtamboni hayakuwa na shida ya risasi. Lakini yalikuwa makali, yakabandua utando uliokuwa umejijenga ndani ya mabomba kwa miaka mingi, na risasi ya mabomba ya kuingilia majumbani ikaanza kutoka kwenye koki. Ilichukua hadi Oktoba 2015 kurudishwa kwenye chanzo cha awali. Pima mtamboni mara elfu, risasi hiyo hutaiona.

Tangi lako ni sehemu ya mfumo

Mamlaka huishia kwenye mita. Kuanzia hapo msimamizi wa ubora wa maji ni mwenye nyumba, na wengi hawajui kwamba wamepewa kazi hiyo.

Klorini ya akiba hupungua kila saa, na kwenye tangi linalopigwa jua hupungua haraka zaidi. Maji yakikaa siku kadhaa, klorini hiyo huweza kuisha kabisa. Chini hujikusanya tope. Ukutani huota utando laini wa bakteria unaoteleza ukiupitishia kidole. Angalia mambo haya: mfuniko unafunga pasipo mwanya wa mjusi kupita, bomba la kumwagia ziada lina wavu, bomba la kutolea maji liko sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi ili lisivute tope, na tangi la chini ya ardhi halina ufa, hasa kama shimo la choo au karo liko jirani. Ufa kwenye tangi la ardhini ni mbaya kuliko kwenye tangi la juu, kwa kuwa la juu huvuja nje tu, la chini hupokea.

Kuosha kwa maji matupu hakutoshi. Toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi na sabuni, suuza, ondoa matope. Kisha jaza maji na kutia dawa ya klorini ya majimaji ya asilimia 5 isiyo na manukato wala sabuni, lita 1 kwa kila lita 1,000 za tangi. Hiyo ni karibu miligramu 50 kwa lita: ni ya kusafishia, haifai kunywa. Fungua kila koki ya nyumba hadi usikie harufu ya dawa, funga, acha saa 24. Mwaga yote, suuza, jaza upya. Usichanganye dawa hiyo na ya kusafishia choo yenye asidi, kwani mchanganyiko hutoa gesi ya sumu, na mtu asiingie peke yake kwenye tangi lililofungika. Ukisafisha mara moja au mbili kwa mwaka unatosha. Maji ya mtaa wako yakiwa na tope, ongeza.

Koki inasema nini

Maji meupe kama yana moshi: jaza glasi, iache mezani dakika mbili. Ikiangaa kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu iliyobanwa kwenye bomba. Ikiangaa kuanzia juu na unga ukabaki chini, ni tope au chokaa.

Maji mekundu ni kutu, na hutokea presha inapobadilika ghafla au bomba linapotengenezwa. Yakitoka baridi na moto sawasawa, chanzo kiko nje au kwenye tangi. Yakitoka kwenye moto tu, ni hita. Meusi mara nyingi ni manganizi. Madoa ya kijani na bluu kwenye sinki ni shaba inayoliwa na maji makali, nayo inastahili kupimwa.

Harufu ya yai viza huwatisha wengi, ilhali mara nyingi inatoka kwenye bomba la kutolea maji machafu la sinki. Chota glasi, nenda nayo chumba kingine, ndipo unuse. Harufu ya udongo au ukungu msimu wa joto hutokana na mwani kwenye bwawa. Pua ya binadamu huihisi hata ikiwa ya kiasi kidogo mno, na kwa kiasi hicho haina madhara.

Harufu kali ya dawa ndiyo yenye kinyume cha kushangaza. Klorini ikikutana na uchafu wenye amonia huunda misombo inayonuka kuliko klorini yenyewe. Kwa hiyo maji yanayonuka dawa kupita kiasi wakati mwingine yana klorini *pungufu* kulinganisha na uchafu uliomo. Kipimo ndicho kitakachosema, pua haiwezi.

Yale yanayosemwa sana

"Nikichemsha nimemaliza kila kitu." Umemaliza vijidudu, na hilo si dogo: dakika 1 ya kutokota kwelikweli inatosha, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kemikali hubaki palepale na maji hupungua. Lita 10 zenye naitrati miligramu 45 kwa lita, zikichemka hadi zikabaki 8, zinakuwa na miligramu 56, yaani umevuka kikomo kwa kuchemsha. Maji yaliyochemshwa pia hayana klorini ya akiba. Kikombe kimoja kichafu kikitumbukizwa kwenye ndoo, kazi yote imepotea. Tumia chombo chenye koki au mdomo mwembamba.

"Klorini inaleta saratani." Klorini ikikutana na mabaki ya majani na mboji huunda kemikali ambazo zina vikomo vyake na hupimwa. Dawa yake ni kuchuja vizuri kabla ya kutia klorini. WHO yenyewe imesisitiza kwamba kupunguza kemikali hizo kusiwe sababu ya kulegeza uuaji wa vijidudu.

"Shabu inatosha nyumbani." Inashusha tope, haiui vijidudu. Tope likishazama, maji ya juu bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa: matone 2 ya klorini ya asilimia 5 kwa lita, koroga, subiri nusu saa, kama yana ukungu, matone 4.

Na kuna maonyesho ya muuza vichujio. Anatumbukiza kifaa chenye fimbo za chuma kwenye glasi mbili, moja ya bomba na moja ya kichujio chake, anawasha umeme. Ya bomba inageuka uji wa kahawia, ya kichujio inabaki safi. Mteja anashika kichwa. Kilichotokea ni kwamba maji ya bomba yana chumvichumvi za kawaida, yanapitisha umeme, na fimbo za chuma zinayeyuka. Uchafu ule ni kutu ya kifaa chenyewe. Tia chembe mbili za chumvi ya mezani kwenye glasi yake safi, mwambie awashe tena, uone. Ile kalamu ya TDS nayo hupima jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka tu: chini ya miligramu 600 kwa lita ladha huwa nzuri, juu ya 1,000 watu huanza kukataa. Maji yenye kipindupindu yanaweza kusoma 80.

Vichujio vyenyewe vina kazi tofauti. Cha kauri huzuia bakteria, virusi vinaweza kupita. Cha mkaa huondoa ladha na klorini, na kisipobadilishwa kwa wakati huwa makazi ya bakteria. Cha utando wa presha huondoa chumvi na metali nzito lakini hupoteza maji mengi. Taa ya miale ya urujuanimno huua vizuri maji yakiwa maangavu, ila haiachi akiba yoyote. Jua kwanza shida yako, ndipo ununue.

Kupima, na kusoma majibu

Kipimo cha klorini cha DPD (dawa inayogeuka waridi ikikutana na klorini) mtu anaweza kukifanya mwenyewe: mililita 10 za maji, kidonge au unga, tikisa, linganisha rangi ya waridi na kadi ndani ya dakika 1. Ukichelewa rangi hukolea na kukudanganya. Pima mara mbili: koki iliyo kabla ya tangi, baada ya kuyaacha yatiririke dakika 2 au 3, kisha koki ya jikoni inayotoka kwenye tangi. Ya kwanza ikisoma 0.4 na ya pili sifuri, mamlaka imefanya kazi yake, panda ukaangalie tangi. Zote zikisoma sifuri, piga simu.

Kwa vijidudu, maabara hutafuta *E. coli*, bakteria wa utumbo ambaye kuwepo kwake ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia. Kinachotakiwa ni sifuri katika mililita 100. Chupa hutoka maabara ikiwa na kemikali ya kuzima klorini, la sivyo dawa ingeendelea kuua vijidudu njiani na majibu yangekuja mazuri kwa uongo. Usiisuuze. Iweke kwenye baridi, ifike siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6. Majibu huja baada ya saa 18 hadi 24 za kuotesha, wakati maji yale yameshanywewa. Hivyo mtambo hauwezi kutegemea kipimo hicho peke yake, hufuata klorini na ukungu saa kwa saa.

Kwa risasi utaratibu unageuka: usiyaache yatiririke. Unachotaka ni lita ya kwanza ya alfajiri, baada ya maji kulala bombani saa 6 au zaidi.

Ukiona alama ya "<" kwenye karatasi ya majibu, maana yake ni kwamba kiasi kiko chini ya uwezo wa mashine kukiona. Hakikisha namba inayofuata alama hiyo ni ndogo kuliko kikomo, "<0.05" kwa risasi haikuambii lolote, kwa kuwa kikomo ni 0.01.

Na unapopiga simu kulalamika, sentensi "maji yenu machafu" haimsaidii fundi. Mwambie saa uliyoona, rangi au harufu, kama ni koki moja au zote, kama ni kabla ya tangi au baada yake, kama mgao ulikuwa umekatika, na kama nyumba ya jirani inapata hivyohivyo. Kwa hayo atajua kama ni kufungua valvu ya kusafishia bomba la mtaa, kutafuta bomba lililopasuka karibu na chemba, au kukuelekeza kwenye ngazi ya tangi lako.